Kwangu si kwetu

Mgeni akiketi kwenye benchi la muuza kahawa mjini Tanga, kikombe cha pili hakimiminwi kabla hajaulizwa, "Kwenu wapi?" Anayeuliza hana nia mbaya. Anatafuta pa kuanzia mazungumzo: pengine shangazi yake aliolewa huko, pengine makabila yao ni watani, pengine walisoma chuo kimoja. Kwa wengi jibu ni jepesi. Lakini kwa mtu aliyekulia katika nyumba ya vipigo, au aliyehamishwa kutoka kwa baba kwenda kwa ami, na kutoka kwa ami kwenda kwa mtu ambaye hata udugu wao hakuwahi kuelezwa, swali hilo ni zito, naye hulijibu kwa kutaja jina la wilaya na kunyamaza.

Lugha yetu imeliweka jambo hili wazi kuliko tunavyotambua. Nyumba ni jengo, na nyumbani ni pale jengo lilipo, lakini "kwetu" ni neno lililobeba watu ndani yake. Mtu mzima akipanga chumba Makorora, akanunua kitanda na jiko, ana haki ya kusema "karibu kwangu", wala hapana wa kumpinga. "Kwetu" halisemeki hivyo. Ili mtu aliseme na limkae mdomoni, lazima wawepo wengine nyuma yake walio tayari kulisema pamoja naye. Ndiyo maana kijana anaweza kusoma, akapata kazi, akajenga na kuezeka, na bado akabaki mkiwa. Ukiwa ni jambo jingine kabisa na upweke. Upweke huondoka mgeni anapobisha hodi. Ukiwa hukaa humo humo ndani pamoja na mgeni.

Hoja yangu ni kwamba jamii yetu ya pwani, inapomwona kijana wa namna hii, humpa dawa isiyo ya maradhi yake. Mvulana huambiwa, "Oa, utatulia." Msichana huambiwa, "Subiri, utapata kwako." Wanaosema hivyo huwa wanampenda, na wengi wao waliambiwa maneno hayo hayo na wazee wao. Lakini ndoa huweza kumpa mtu "kwangu". Tunapoitwika kazi ya kumpa "kwetu" ambayo hakuwahi kuwa nayo, tunamtuma mwenye kiu kwenye kisima kisichochimbwa, na tunamtwika mwenzake asiye na hatia kazi ya kukichimba usiku mmoja wa harusi.

Tatizo hili si la watu wachache. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ukiwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na ya wavulana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili, na waliotajwa sana walikuwa ndugu na walimu, yaani wale wale ambao mtoto huambiwa awakimbilie. Waliohojiwa wakati ule leo ni watu wazima. Ndio wanaooa na kuolewa, ndio wanaoachana, na ndio wanaolea watoto wanaokwenda shule asubuhi hii.

Nini hasa hutokea ndani ya mtoto wa nyumba kama hiyo? Mwaka 1954 na 1955 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alikaa jirani na Kampala akizitembelea familia 26 za Kiganda na kuandika kwa uangalifu yale aliyoyaona kati ya watoto wachanga na mama zao. Aliona jambo ambalo kila bibi wa mtaa wa Ngamiani hapa Tanga analijua, ingawa hakuna aliyeliandika kabla yake kwa utaratibu ule: mtoto anayetambaa huondoka kwa mama, akaenda kuchezea kitu, akageuka kutazama kama mama bado yupo, kisha akaendelea na mchezo wake. Ujasiri wa kwenda mbali hutokana na uhakika wa kumkuta mtu anaporudi. Nadharia ambayo Ainsworth na mwenzake John Bowlby wa Uingereza waliijenga, kuhusu kifungo cha moyo kati ya mtoto na mlezi wake, sasa inafundishwa duniani kote, na sehemu ya mizizi yake imo katika nyumba za Afrika Mashariki. Inafaa tulikumbuke hilo kila tunapoambiwa kwamba habari za majeraha ya utotoni ni mambo ya Wazungu.

Mtoto anayegeuka na kukuta mgongo, au kofi, hujifunza kazi nyingine. Huwa hodari wa kusoma dalili. Baba anapoegemeza baiskeli ukutani, mtoto hujua kwa mlio wake tu kama jioni itapita salama. Hujua kikohozi cha ghadhabu na kikohozi cha kifua. Ustadi huo humwokoa akiwa na miaka 8. Akiwa na miaka 28 unamharibia maisha, kwa sababu anaendelea kusoma dalili mahali ambapo hapana hatari. Mkewe akikaa kimya kwa sababu ya uchovu, yeye husikia baiskeli ikiegemezwa. Mchumba akisoma ujumbe wa simu bila kujibu kwa saa moja, yeye tayari ameachwa, ameshalia, na ameshaandaa maneno ya kulipiza. Wengine hufanya kinyume chake: mapenzi yanapoanza kuwa ya kweli huyakimbia wao kwanza, wasije wakakimbiwa. Wapo pia wale ambao jamii huwalaumu bila huruma, wanaotoka kwa mtu mkali na kuangukia kwa mwingine mkali zaidi. Watu husema wamerogwa, au wamependa kuteswa. Hapana. Mtu mpole ni mgeni kwao. Hawajui wakae naye vipi, utulivu wake huwatia shaka, na moyo hurudi kwenye lugha iliyofundishwa kwanza.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Nimekulia Ngamiani, nami nilikuwa nimeishi katika nyumba tatu kabla ya kumaliza darasa la saba. Mama aliondoka nikiwa mchanga. Baba alikuwa mwepesi wa mkono, na alipofariki nikachukuliwa na ami, kisha na jamaa wa ami, ambako nilikula baada ya wengine kumaliza. Nilioa nikiwa na miaka 23, na kila mtu alifurahi kwamba sasa nimepata kutulia. Ndani ya mwezi mmoja nilianza kumdai mke wangu deni ambalo hakulikopa yeye. Chakula kikichelewa, nilijiona nimerudi kwenye mkeka wa nyumba ile ya tatu. Akitaka kwenda kumsalimia mama yake Pongwe, niliona anaondoka kama alivyoondoka mama yangu, nami nilimwambia maneno ambayo hakustahili kuyasikia. Ndoa ilidumu miaka miwili. Kila nilipoulizwa sababu ya kuachana nilisema hatukuelewana. Ukweli ni kwamba yeye alinielewa vizuri, mimi ndiye sikujua ninamtafuta nani ndani yake.

Methali zetu hazimsaidii sana mtu wa namna hii, nami nasema hivyo nikizipenda. "Mkataa kwao mtumwa," tunaambiwa. Je, yule ambaye kwao ndiko kulikomkataa? "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," nayo husemwa kwa kidole kilichonyooshwa kwa mtoto, kana kwamba ni yeye aliyeamua kutofunzwa. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" ingalitosha kumwajibisha mlezi, ila aghalabu tunaitumia kumhukumu aliyelelewa. Msemo ni wa wazee na una hekima yake, lakini hekima iliyotungwa na walio na kwao haiwezi kuwa neno la mwisho juu ya wasio na kwao.

Kuifanya ndoa dawa ya ukiwa si jambo jipya katika pwani hii. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walianza kukusanya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, waliokuwa wametenganishwa na wazazi na kuletwa pwani kutoka mbali. Watoto hao walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono, na walipokua misheni iliwaozesha wao kwa wao, ikawapa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha waliokombolewa. Kuanzia mwaka 1877 baadhi yao walipelekwa bara, Mhonda, kuanzisha makazi mapya. Sina sababu ya kuitilia shaka nia ya waliowakomboa; kumtoa mtoto katika minyororo ni tendo ambalo halina mjadala. Hata hivyo wapo waliotoroka wakaacha nyumba na shamba nyuma yao. Nimefikiri sana juu ya hao waliotoroka. Walikuwa wamepewa mke au mume, paa na jembe, yaani kila kitu ambacho mtu anaweza kumgawia mwingine, wakaenda kutafuta kisichogawiwa.

Kwa wasichana jambo hili lina ukali wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliviona vifungu hivyo kuwa vinakwenda kinyume na Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Mjadala wa kisheria ulihusu usawa na umri, na ni sawa. Ila wapo wasichana ambao hawakulazimishwa na mtu. Walikubali haraka, wakiwa na hamu, kwa sababu nyumba waliyokuwamo ilikuwa haikaliki na mume alikuwa ndiye mlango pekee uliokuwa wazi. Sheria inaweza kumzuia asipite katika mlango huo, haijamfungulia mwingine.

Mlango mwingine ni upi? Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kabla hawajazaliwa hadi walipofika miaka 40. Theluthi moja hivi walikulia katika mazingira magumu: ufukara, ugomvi wa wazazi, ulevi, maradhi ya akili ndani ya nyumba. Ingetarajiwa kwamba wote wangeharibikiwa. Lakini mmoja katika kila watatu wa hao alikua akawa mtu mzima mwenye uwezo, mwenye upendo na anayejiamini, na kitu kilichojitokeza tena na tena katika maisha yao ni kuwapo kwa angalau mtu mmoja aliyewajali bila kukoma. Mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, kaka mkubwa, jirani, mwalimu. Na hata miongoni mwa wale waliovurugikiwa ujanani, wengi walijirudi walipofika miaka ya 30 na 40 kwa kupata elimu ya ukubwani, kazi, jumuiya ya dini, na ndiyo, ndoa na mwenza mtulivu. Sitaificha hiyo ya mwisho, kwa kuwa inaonekana kuipinga hoja yangu. Haiipingi. Ndoa imo katika orodha ile ikiwa mlango mmoja kati ya mingi, na sifa iliyotajwa ni utulivu wa mwenza, wala hakuna mahali paliposemwa kwamba sherehe yenyewe huponya.

Mtu mmoja. Ni idadi ndogo inayotia matumaini na inayotia uchungu pia, kwa sababu mji kama Tanga ulikuwa na njia nyingi za kumpatia mtoto huyo mtu mmoja. Huu ni mji wa watu waliotoka kwao. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka pande za mbali, na watoto wao wakakua mitaani na wana wa Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju. Mtoto wa Kidigo alikuwa na mjomba, ambaye katika ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama alikuwa na sauti juu yake sawa na baba au zaidi. Msichana alikuwa na somo wake, mwanamke asiyekuwa mama, anayejua siri zake na anayeulizwa habari zake hata baada ya kuolewa. Kulikuwa na vyama vya ngoma, timu za mpira, chuo cha Kurani, uani uliokuwa wa wapangaji sita. Mzazi akishindwa, mtoto hakuwa amepoteza kila mtu. Sipambi zamani: mikono ile ile mingi iliweza pia kumuumiza, na utafiti wa 2009 hauturuhusu kusahau. Ila leo mjomba yuko Dar es Salaam na hutuma pesa, uani umewekewa kuta, na somo amegeuka mtu wa kukodiwa kwa ajili ya usiku wa sherehe.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba tunao mfano ulio bora kuliko wote, nasi tunausoma kwa sauti nzuri kila mwaka. Unapoingia mfungo sita, misikiti na baraza za Tanga hujaa Maulidi. Tunasimuliwa habari za mtoto ambaye baba yake alifariki kabla hajazaliwa, akanyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake, akafiwa na mama akiwa na miaka 6, na babu akiwa na miaka 8, akaishia mikononi mwa ami yake. Kurani yenyewe, katika Sura ya Dhuha, inamkumbusha Mtume (S.A.W.) kwamba alikuwa yatima akapewa makazi, kisha inafuatisha amri kwamba yatima asionewe. Yaani utoto ule haukufichwa wala kuonewa aibu. Ulitajwa, na kutajwa kwake kukawa msingi wa wajibu. Nasi hutoka kwenye Maulidi tukiwa tumejipaka marashi, tukafika nyumbani na kumwita mtoto wa watu "mtoto wa nje" mbele ya wenzake.

Kutaja ndiko kunakotushinda. Tuna neno zuri, sitara, ambalo maana yake ni kumfunika mtu aibu yake, nasi tumeligeuza kuwa pazia la kumfunika mkosaji. Mtoto aliyeumizwa na ndugu huambiwa asiyatoe nje mambo ya ndani. Akikua huambiwa achunge radhi za wazazi. Hili la radhi ni zito na halistahili kupuuzwa, kwa kuwa nimewajua watu wazima wenye wajukuu ambao hawajawahi kutamka kwamba walipigwa hadi kuzimia, wakihofia kwamba kulitamka tu ni kumlaani mzazi. Ninaamini wamefundishwa vibaya. Kumtendea mzazi wema ni wajibu, na mtu anaweza kumtibu, kumlisha na kumwombea dua baba aliyemuumiza. Lakini wema hauhitaji uongo. Mtu anayelazimika kusema alilelewa vizuri hawezi kujua kwa nini anatetemeka mlango unapofungwa kwa nguvu, na asiyejua kwa nini anatetemeka atamlaumu aliyeufunga.

Kwa mtoto aliye katika hali hiyo leo, ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, lipo dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na wapo maofisa ustawi wa jamii. Kwa mtu mzima njia ni ndefu zaidi. Mimi ilinichukua miaka kadhaa, mshauri mmoja mvumilivu, na kitu ambacho sikukitambua thamani yake mpaka nilipokuwa karibu kukipoteza.

Mama alipoondoka, jirani yetu alikuwa na mtoto mchanga wa umri wangu. Alininyonyesha pamoja na mwanawe, si mara moja wala mbili, mpaka nikaanza kula uji. Baadaye, kila nilipohamishwa, alikuwa akinitumia mwanawe kuniita, nami nikifika uani kwake hakuniuliza habari za huko ninakolala. Aliuliza neno moja tu: "Umekula?" Nilipokuwa na miaka 10 niliulizwa hivyo, nilipokuwa na miaka 23 niliulizwa, na siku niliyotoka kutoa talaka niliulizwa kabla sijavua viatu. Nilimwona ni mwanamke mwema wa mtaani. Muda wote huo nilikuwa nikizunguka mji kumtafuta mtu wa kunipenda.

Alifariki wakati wa kiangazi, na tukamzika alasiri. Shuka lilikuwa limetandazwa juu ya kaburi, na sheikh akaomba maharimu watatu, yaani wanaume wa karibu ambao dini haiwaruhusu kumuoa, waingie kumpokea. Wanawe wa kiume walikuwa wawili. Walishuka, na sheikh akauliza wa tatu ni nani. Watu walitazamana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, pamoja na majirani. Yule mwanawe tuliyelingana umri aliinua kichwa kutoka ndani ya kaburi, akanitafuta kwa macho, akasema, "Huyo hapo. Tumenyonya pamoja."

Watu wakanipisha njia. Nilivua viatu, nikashuka.